Mshahara wa Baba, Kadi ya Mama

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitoa Waraka Namba 5. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: mtumishi wa serikali asiwe mwanachama wa chama cha siasa. Anayetaka siasa aache kazi. Vitabu vya shule huutaja kwa sentensi moja, kisha hukimbilia tarehe 7 Julai 1954, siku wajumbe 17 walipokutana New Street, Dar es Salaam, wakakigeuza chama cha Waafrika cha TAA kuwa chama cha siasa, TANU. Mimi ni mtoto wa karani wa serikali, na sijawahi kuridhika na sentensi ile moja. Ndani yake mna nyumba za watu wengi.

Nieleze kwanza karani alikuwa nani, maana vijana wa leo wakilisikia jina hilo hudhani ni mtu wa kugonga mihuri. Wajerumani walipoitwaa pwani walikuta watu wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakakuta pia maliwali na maakida waliozoea kutumikia utawala wa Sultani wa Unguja. Wakawachukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakafungua shule ya serikali Tanga, na baadaye gazeti la Kiswahili, Kiongozi, likawa linachapishwa hapohapo. Vijana waliotoka shule ile walipelekwa bara kuwa makarani, walimu na maakida. Walilipwa rupia zao kila mwezi. Machoni pa wanakijiji, kazi yao kubwa ilikuwa kudai kodi, na tangu mwaka 1902, wakati wa Gavana Götzen, kusimamia mashamba ya pamba ya lazima. Julai 1905 Wamatumbi walipong'oa pamba pale Nandete na Vita vya Maji Maji vikaanza, maakida walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushambuliwa.

Sisemi hivyo ili kuwahukumu. Kijana aliyefundishwa hesabu na mwandiko mzuri hakuwa na mahali pengine pa kuupeleka ujuzi huo ila Bomani. Lakini tangu siku hizo za mwanzo, kalamu ililipwa vizuri kuliko jembe kwa sababu ilikuwa kalamu ya mtawala, na aliyeishika alijua hivyo. Jirani zake walijua pia.

Waingereza walipoingia waliwakuta makarani hao wapo na wakawahitaji zaidi. Hapo ndipo anapotokea mtu ninayemheshimu sana, Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani kwa wamisionari wa Kianglikana, akafanya kazi za ukarani sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walimfunga Tabora pamoja na wenzake wa misheni. Baada ya vita akawa karani Tanga, na mwaka 1922 akaanzisha huko chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Kilikuwa na chumba cha kusomea magazeti, kilikuwa na mpira, na kiliwaweka Mkristo na Mwislamu, mtu wa Bonde na mtu wa Nyasa, kwenye benchi moja. Wakati huo lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Wote watatu waliupinga. Walowezi wa Kenya ndio waliokuwa wakiutamani muungano huo, na Waafrika wa Tanganyika walijua maana yake kwa ardhi yao.

Ukiangalia maisha ya Kayamba unamwona mtu aliyeamini kwamba utumishi wa uadilifu utamletea Mwafrika heshima, na heshima italeta haki. Kwa kizazi chake imani hiyo haikuwa unafiki. Serikali yenyewe iliwatia moyo. African Association, chama kilichokuja kuitwa TAA, kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes, mtumishi wa Reli, akiwa katibu, Gavana Cameron hakukipiga vita. Chama cha makarani na walimu kilionekana hakina madhara. Kilidai mishahara bora, kikadai elimu, kikaandika barua zenye adabu. Naona kosa kubwa la wakoloni lilikuwa kudhani kwamba mtu mwenye adabu hana hasira.

Basi hasira ilikuwepo, na mshahara wenyewe ndio uliokuwa ukiichochea. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika nchi za Afrika Mashariki, ilipendekeza Mwafrika mwenye sifa zilezile alipwe sehemu tatu kwa tano za anacholipwa Mzungu. Pendekezo hilo liliandikwa wazi katika taarifa rasmi, na aliyeichapa taarifa kama hiyo kwa taipu ofisini, mara nyingi, alikuwa karani Mwafrika. Ilibidi ije Tume ya Lidbury mwaka 1954 ndipo kanuni hiyo ya rangi iondolewe kwenye maandishi.

Hata hivyo sehemu hizo tatu kwa tano zilikuwa fedha nyingi ukizilinganisha na za mkulima. Nyumbani kwetu Ilala tulikaa kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji. Baba alikuwa na baiskeli, kaptula zake za kaki zilipigwa pasi ya mkaa kila asubuhi, na kila mwisho wa mwezi wageni walifika. Alifika ami kutoka shamba na habari za mgonjwa. Alifika binamu aliyerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Alifika mtu ambaye hata mama hakumjua, akisema tu kwamba wametoka kijiji kimoja na baba. Wote walikula, na wote waliondoka na kitu. Sijaona mwanahistoria aliyekaa akakokotoa mshahara mmoja wa karani ulilisha vinywa vingapi, lakini bila hesabu hiyo huwezi kuelewa ukali wa Waraka Namba 5. Aliyeambiwa aache kazi hakuambiwa ajinyime yeye. Aliambiwa awanyime wote hao.

Kabla ya waraka, serikali ilikuwa na silaha nyingine: uhamisho. Kufikia mwaka 1950 uongozi wa TAA Dar es Salaam ulikuwa umeshikwa na vijana wenye moto. Rais wake alikuwa Dk. Vedasto Kyaruzi, daktari wa serikali, na pembeni yake walikuwepo watu kama Abdulwahid Sykes na Hamza Mwapachu. Dk. Kyaruzi akahamishiwa hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, kisha Nzega. Mwapachu, aliyekuwa afisa wa ustawi wa jamii, akapelekwa Nansio, kisiwani Ukerewe. Barua ya uhamisho haikutaja siasa. Ilitaja mahitaji ya kazi. Mtu alifungasha, akasalimu, akaondoka, na kamati ikabaki na kiti kitupu.

Kisha Aprili 1953 TAA ikamchagua Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyekuwa amerudi na shahada kutoka Edinburgh, kuwa rais wake. Waraka ukatoka mwaka huohuo. Sioni kuwa mambo hayo mawili yaligongana kwa bahati. Uti wa mgongo wa chama ulikuwa watu wa mshahara, na serikali ikauvunja pale pale ulipo.

Walioacha kazi tunawajua. Nyerere hakuwa mtumishi wa serikali, kwa kuwa shule ya Pugu ilikuwa ya Kanisa Katoliki, lakini naye aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, Machi 1955, alitakiwa achague darasa au siasa. Alijiuzulu. Miezi iliyofuata alikuwa kwao Butiama na Musoma, akiwafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll ili apate riziki. Oscar Kambona akauacha ualimu wa sekondari Dodoma akaja kuendesha ofisi ya TANU wakati ofisi yenyewe haikuwa na kitu. Rashidi Kawawa alikuwa mtumishi wa serikali mwenye nyota, tena anayejulikana mitaani kwa sura, maana aliigiza katika sinema ya Muhogo Mchungu. Aliongoza chama cha Waafrika watumishi wa serikali, kisha Oktoba 1955 vyama vya wafanyakazi vilipoungana katika TFL akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Februari 1956 akaacha kazi ya serikali moja kwa moja. Nawaenzi wote watatu. Walikuwa vijana, na waliiacha ngazi ambayo wengine walikuwa bado wanapigania kuifikia.

Baba hakuacha kazi. Hili nimelisikia likisemwa kwa sauti ya chini katika familia nyingi za makarani, kana kwamba ni doa. Mimi silioni hivyo, na nataka nieleze nilichokiona.

Juni 1955 John Hatch, mtu wa Chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam akakutana na viongozi wa TANU. Akawauliza: wanawake wenu wako wapi? Hawakuwa na jibu la kutosha. Ndipo Bibi Titi Mohamed alipotafutwa, mwanamke wa mjini aliyekuwa maarufu katika ngoma ya lelemama. Akaanza kupita kwa vikundi vya ngoma na nyumba kwa nyumba, na katika muda mfupi wanawake kwa maelfu wakawa na kadi. Wengi wao hawakuwa na mwajiri. Walipika mandazi na vitumbua, walifuma, waliuza barafu, walikodisha vyumba. Hakuna waraka wa serikali uliowahusu.

Mama alikata kadi yake wakati huo. Baba alipoiona hakugomba. Alisema tu kwamba ofisini wakijua itakuwa taabu. Mama akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anachambua mchele: "Aliyekatazwa ni wewe, baba watoto. Mimi serikali haijaniajiri." Tangu hapo ada ya chama ikawa inatoka katika mshahara wa serikali, ikipitia mkononi mwa mama. Mikutano ilipofanyika Mnazi Mmoja, mama na wenzake walikaa mbele kabisa, wamevaa kanga, wakipiga vigelegele. Baba alisimama mbali, ukingoni mwa uwanja, ameshika baiskeli yake kama mtu anayepita. Hakuwa peke yake. Ukingo wote wa uwanja ulikuwa na wanaume wenye baiskeli.

Nyumba ya namna hiyo haikuwa moja wala mbili. Wake wa makarani, wa matarishi, wa manesi wa kiume, wa walimu wa serikali, walikuwa TANU mchana kweupe, na waume zao walikuwa TANU ndani ya mifuko yao. Tukihesabu tu walioacha kazi tunapata orodha fupi, na tunabaki bila kujua fedha za ofisi ya New Street zilitoka wapi zote. Wapo matajiri waliochangia, John Rupia akiwa wa mbele, na hao wametajwa inavyostahili. Lakini shilingi moja moja za kila mwezi zilitoka kwa watu ambao majina yao hayakutakiwa kuandikwa popote.

Sitaki nionekane nawasafisha wote. Walikuwepo makarani walioandika. Mkutano ulipofanyika, alikuwepo mtu mwenye daftari, naye alikuwa Mwafrika mwenzetu, na alichokiandika kilifika kwa makachero kabla ya jioni. Nilipokuwa mtu mzima nilifanya kazi kwenye masjala, nikashika faili za zamani zenye taarifa za namna hiyo. Mwandiko ni mzuri, wa kunyooka, wa mtu aliyefundishwa vizuri. Yeye pia alikuwa na ami wa shamba na binamu wa kulipiwa ada. Mzigo wa ndugu ulikuwa mmoja kwake na kwa baba, na baba alikaa kazini bila kumuuza mtu. Kwa hiyo sikubali tukisema mshahara ulimlazimisha fulani kuandika. Mshahara ulimlazimisha kunyamaza. Kuandika aliongeza mwenyewe.

Mambo yakaja kugeuka kwa namna ambayo sidhani Gavana Twining aliitazamia. Serikali ilipokubali uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, iliweka masharti magumu ya kupiga kura. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na cheo kinachotambuliwa. Kila mmoja alitakiwa achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 na ikakaribia kupasuka juu ya kushiriki au kususia. Nyerere akawashawishi washiriki.

Sasa fikiria ni nani katika Tanganyika ya mwaka 1958 aliyekuwa Mwafrika, mwenye elimu, na mwenye shilingi 3,000 kwa mwaka. Mkulima wa Ukerewe hakuwa nazo. Mchukuzi wa bandarini hakuwa nazo. Karani mwandamizi alikuwa nazo. Masharti yaliyowekwa ili kuwachuja wafuasi wa TANU yaliwapa karatasi za kura watu walewale waliokatazwa kuwa na kadi yake. Katika awamu mbili za uchaguzi, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na UTP, chama kilichopendwa na serikali, kikafa. Baba alipiga kura. Kura ilikuwa ya siri, na alikuwa ameingoja muda mrefu.

Kiasi hicho cha shilingi 3,000 kinanijia pia kwa sababu nyingine. Agosti mwaka huohuo 1958 mahakama ya Dar es Salaam ilimtia Nyerere hatiani kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika gazeti la Sauti ya TANU, ikampa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Kipato cha mwaka mzima cha mpiga kura kiliondoka kwa hukumu moja.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, ofisi zikafunguka. Wazungu wakaondoka, Waafrika wakapanda vyeo, na watu wa mitaani wakawaita naizesheni. Kufikia mwaka 1964 mtumishi wa serikali aliruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU, na haukupita muda mrefu asiye na kadi akawa ndiye anayetazamwa vibaya. Hapa naandika kwa uchungu kidogo. Niliwaona watu waliokuwa na daftari Mnazi Mmoja wakiwa wa kwanza kukata kadi na kuvaa sare za kijani, na hakuna aliyewauliza kitu.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, ambako mshahara wao ungekatwa kwa muda wa utumishi. Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 warudi makwao, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tarehe 5 Februari 1967 likaja Azimio la Arusha pamoja na masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati walihesabiwa kuwa viongozi.

Kuna kifungu katika masharti hayo ambacho wasomaji wengi hawakizingatii. Kinasema kiongozi ahesabiwe pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Mkoloni alimfunga mume akamsahau mke. Nyerere, ambaye chama chake kilikua mikononi mwa wanawake wa aina ya mama yangu, hakuweza kumsahau. Alijua nyumba inavyoendeshwa.

Bibi Titi alijiuzulu uongozi. Alikuwa amekopa fedha akajenga nyumba za kupangisha, na kwake nyumba hizo zilikuwa uzee wake. Tumezoea kulitaja jambo hilo kwa kumlaumu, kisha tunaruka kwenda kwenye kesi ya uhaini iliyomfikisha gerezani. Naona tunamwonea. Mwanamke aliyeitumikia TANU miaka ile yote bila pensheni ya serikali hakuwa na akiba nyingine ila ukuta na bati.

Nyumbani kwetu nako masharti yalifika. Mama alikuwa amejenga Magomeni kwa fedha za mandazi na za kufuma, vyumba vinne, viwili vya kupangisha, hati kwa jina lake. Na baba, baada ya miaka yote ile, alikuwa amependekezwa kupanda cheo, cheo ambacho kingemwingiza katika ngazi ya viongozi. Wako waliowaandikisha watoto wadogo kuwa wenye nyumba. Mwenzake mmoja wa ofisini alimshauri afanye hivyo, akasema hata mimi nilifaa kuandikwa. Baba alikataa. Alisema ameshaishi na siri moja ya serikali na hataki ya pili. Mama naye hakuwa tayari kuuza, na alimwambia hivyo. Walizungumza usiku mwingi, mlango umefungwa.

Baba aliandika barua ya kukishukuru cheo na kukiacha. Alistaafu akiwa karani mkuu. Kodi ya vile vyumba viwili ndiyo iliyonimalizia masomo.